Waliosimama Nyuma ya Bao

Usiku ule nililala na ufunguo wa kuzima mchezo. Haukuwa ufunguo wa chuma. Ulikuwa mstari mmoja wa herufi na tarakimu, ambao bosi wetu, Kaka Frenki, alinitumia jioni pamoja na maneno yake: "Kesho saa nne kamili asubuhi, Rukia. Unazima, halafu unaniandikia ripoti kwa nini mchezo umekufa. Watumiaji usiwaambie kitu. Tukitangaza, maneno yatakuwa mengi." Niliunakili kwenye daftari, nikaupitia herufi moja moja, nikalifunga daftari, nikalifungua tena kuhakikisha sijakosea. Ndivyo nilivyo. Mama husema mimi hata chumvi naitia mchuzini nikiwa nimeshaijutia.

Mchezo wenyewe ulikuwa bao. Bao lile lile la mashimo thelathini na mawili na kete sitini na nne, ila la kwenye simu: unafungua, unatafutiwa mpinzani popote alipo, mnacheza. Kazi hiyo ndiyo ya kwanza kunipokea nilipomaliza chuo. Kwenye usaili waliniuliza kama nalijua bao, nikajibu kwamba nimelelewa kwenye kibaraza cha bao, na sikudanganya. Babu yangu mzaa mama, Fundi Mbwana, alikuwa mshonaji Ngamiani, Tanga. Bao lake lilikaa kwenye benchi mbele ya cherehani miaka yote ya utoto wangu. Yeye mwenyewe sikuwahi kumwona akicheza. Alishona, watu wakacheza. Kete za mbegu za komwe zikipotea, alizifidia kwa vifungo vya makoti. Alifariki nikiwa mwaka wa pili chuoni, katikati ya mitihani, na sikwenda kumzika.

Ripoti nilikuwa nimeshaianza kichwani, na ndiyo iliyoninyima usingizi. Kwa nini umekufa? Mwanzoni watu walikuja wengi, kwa mapenzi ya jina tu. Wazee wa bao waliingia, wakakuta kete zisizoshikika, wakatoka. Vijana waliingia, wakakuta kanuni nzito kama mtihani, wakatoka siku ya pili. Tukawawekea vijana rangi na fataki kila kete zinapoliwa, basi na wale wazee wachache waliobaki wakaona tunawachezea. Kila aliyeondoka alimwongezea aliyebaki muda wa kusubiri mpinzani. Leo anasubiri dakika moja, wiki ijayo dakika tano, baadaye anatazama kiduara kikizunguka kwenye skrini mpaka anachoka, naye anaondoka. Tukaweka mashine icheze na wanaosubiri. Mashine ikawafunga wote. Nilikuwa nimesoma habari za michezo mingine ya mezani iliyohamishiwa mtandaoni huko nchi za mbali, yenye majina makubwa na wapenzi wa tangu utotoni, nayo ilikufa vivyo hivyo: shangwe, kisha kusubiri, kisha kufungwa. Nilikuwa nikisoma kama mtu anayesoma cheti cha kifo cha ndugu yake.

Na kulikuwa na sababu moja ambayo sikupanga kuiandika.

Siku za mwanzo wachezaji waliweza kuandikiana. Bao bila kejeli si bao, kila aliyelelewa karibu nalo anajua. Kibarazani kwa Babu mtu akisitasita na kete mkononi aliambiwa, "Unacheza au unapanda mahindi?" Aliyerundika kete nyingi kwenye lile shimo kubwa tunaloliita nyumba aliulizwa, "Nyumba hiyo ina paa, au mvua ikija tuhame?" Naye alicheka, akarudisha lake, kahawa ikaendelea kunywewa. Kwenye simu, mtu wa Mwanza alimwandikia mtu wa Mombasa maneno ya namna hiyo, na yule wa Mombasa akatulalamikia kwamba ametukanwa. Lalamiko moja tu. Nilikaa nalo siku tatu. Kichwani nikaona kesi, nikaona magazeti, nikaona jina langu limepigiwa mstari. Kikaoni nikapendekeza tuzime maneno yote. Deo, niliyekuwa nikikaa naye meza moja, akasema, "Dada, hiyo ni kuwaita watu harusini na kuwaziba midomo." Kaka Frenki akasema salama ni salama. Tukazima. Mimi, mtoto wa kibarazani, ndiye niliyetoa wazo.

Mwisho walibaki wawili waliokuja kila siku. Mmoja alijiita Kitasa, mwingine Mama Wawili. Kwa zaidi ya mwaka, kila siku baada ya alasiri, waliingia, wakatafutana, wakacheza mabao mawili au matatu, wakatoka. Hawakuwahi kuandikiana hata neno, kwa kuwa mimi niliwanyima neno. Hakuna aliyejua jina la kweli la mwenzake, wala namba yake, wala mji wake. Siku moja Mama Wawili hakutokea, na nilimwona Kitasa kwenye kompyuta yangu akisubiri, alama yake ya kijani ikiwaka peke yake, saa nzima na zaidi. Sasa kesho saa nne ningezima, na ikifika alasiri kila mmoja angefungua simu na kukuta pamekuwa ukuta. Wangepoteana moja kwa moja. Na kuwaambia kulikuwa kuvunja amri ya mtu ambaye barua yake ya kunisifia ndiyo niliyoitegemea kupata kazi nyingine. Nililala na hayo mawili kifuani, daftari chini ya mto.

Niliingia ofisini kwetu, na ofisi ilikuwa ile ile, ila hapakuwa na mtu, na mwanga ulikuwa ukitoka chini ya mlango wa stoo. Nikasikia cherehani. Kabla sijaufikia mlango nilishajua ni ya nani, kwa maana cherehani ya Babu ilikuwa na mwendo wake: inakimbia, inakohoa, inakimbia. Nasukuma mlango.

Ndani kuna alasiri. Siwezi kuieleza vizuri zaidi ya hivyo. Ile alasiri ya Ngamiani, jua la manjano limelala juu ya sakafu ya saruji, harufu ya chaki na mafuta ya mashine. Babu amekaa mahali pake, kofia imeinama kidogo kushoto, futi yake ya kitambaa inaning'inia shingoni. Anashona kitambaa cheupe. Kitambaa kinatoka kwenye sindano, kinashuka magotini, kinavuka kizingiti, kinakwenda barabarani, na huko kinakoishia sikuoni. Nilitaka kumuuliza anashona nini. Nikaogopa jibu.

"Shikamoo, Babu."

Hakuitikia. Mguu wake ukaendelea kukanyaga. Nikasimama pale, nikihesabu makosa yangu yote tangu darasa la kwanza, nikitafuta ni lipi lililomfanya asiniitikie. Kisha akasema, bila kuinua macho:

"Umechelewa, mke wangu. Watu wamesimama."

Aliniita hivyo tangu nikiwa mdogo wa kubebwa, kwa utani wa babu na mjukuu, na Bibi alikuwa akijifanya kunionea wivu. Nikageuka kutazama hao watu.

Bao lilikuwa kwenye benchi lake. Wawili wameketi wanacheza, na nyuma yao wamesimama wanaotazama. Nilipokuwa mdogo nilidhani wale wanaosimama wanasubiri zamu. Baadaye niligundua wengine walikuja miaka kumi bila kukaa hata mara moja. Walikuja kusimama tu. Pale kibarazani kusubiri ndiyo ilikuwa starehe yenyewe. Sasa nawaona wote. Namwona Mzee Shomari wa mikate, aliyefariki nikiwa darasa la nne, na beseni lake kichwani. Namwona yule dereva wa lori aliyekuwa akija na ndala za rangi mbili. Nyuma yao wapo wengine nisiowajua, na nyuma ya hao wengine, safu kwa safu, mavazi yakizidi kuwa ya zamani kila safu, kanzu, shuka, mpaka kaniki, wamejaa kibaraza, wamejaa barabara, wamepanda na barabara ilivyopanda, na mwanga ulipoishia wao hawakuishia. Wote wamelitazama bao lile moja. Nikahisi nywele zinasimama. Sikuogopa kama mtu anavyoogopa mwizi. Niliogopa kama mtu aliyefungua kabati la sahani akakuta ndani yake kuna uwanja.

Midomo yao ilikuwa ikicheza. Wanasema, wanacheka, Mzee Shomari anamnyooshea mchezaji kidole na mabega yanamtikisika. Na hakuna sauti. Kete zinadondoshwa shimoni moja moja na hazilii. Nikatia vidole masikioni nikidhani yameziba.

Cherehani ikanyamaza.

"Si masikio yako," Babu akasema.

Basi nikaanza kujieleza. Nikamweleza habari ya lalamiko la Mombasa. Nikamweleza kesi ambayo haikuwahi kuwepo. Nikamwambia vijana wanataka fataki, na wazee wanataka komwe, na mashine, na kiduara, na kwamba hata huko ng'ambo michezo mikubwa inakufa, siyo sisi peke yetu. Nilisema kwa muda mrefu sana. Jua halikusogea. Babu alinisikiliza kama alivyokuwa akiwasikiliza wateja waliokuja kulalamika kwamba suruali imebana, na wao ndio walionenepa. Nilipomaliza, akaivua futi shingoni, akainamia bao, akaishusha ncha yake kwenye shimo moja.

Futi ikashuka. Shimo lile ni la kina cha kiganja tu, nalijua, nimeliosha mara ngapi. Lakini futi inashuka. Namba zinapita kati ya vidole vyake, kumi, ishirini, arobaini, zinafika sitini ambapo futi ya fundi huishia, na haikuishia. Inaendelea kushuka bila namba, utepe mtupu wa manjano, na yeye anauachia taratibu, hana haraka.

"Shika."

Nikashika. Utepe ulikuwa na uzito. Halafu nikahisi upande wa chini, mbali kabisa, kitu kikiuvuta kidogo, mara mbili, kama mtu aliyeko huko amepokea ncha na anataka nijue kwamba amepokea.

"Wewe ulipima upana," Babu akasema.

Sijui kama tulishuka sisi au bao lilipanda. Tulikuwa tukitembea juu yake. Ubao ulikuwa mpana kama uwanja wa mpira, umelainishwa na mikono ya watu hadi unang'aa, na kile kitambaa cheupe ndicho kilichokuwa njia yetu, kinapita kati ya shimo na shimo. Mashimo yamekuwa visima. Kila kisima kinatoa mwanga wa vuguvugu, kama mwanga wa jiko la mkaa jikoni kabla ya watu kuamka. Babu anatangulia, mikono nyuma, viatu vyake vya ngozi havitoi mlio. Nikasogea ukingoni mwa kisima kimoja, nikapiga magoti, nikainama.

Maneno yote yalikuwa humo. Yale niliyoyazima hayakwenda popote, yalishuka tu. Nilisikia vikombe vya kahawa vikigongana, kikohozi, mtu akiitwa nyumbani na mkewe naye akijibu kwamba anakuja, na haji. Nilisikia, "Mwacheni afikiri, hata treni hufika." Nilisikia, "Huyu leo kafungwa mpaka watoto wake watazaliwa wamefungwa." Kicheko kikapanda kutoka kule chini, kikanipiga usoni kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa, na nikajikuta nacheka na machozi yananitoka. Nilipoinua kichwa, Babu naye mabega yalikuwa yakimtikisika. Sikumbuki kama niliwahi kumwona akicheka hivyo alipokuwa hai. Alikuwa mtu wa kucheka na sindano mdomoni.

Tukaendelea. Nilijua tunakokwenda kabla hatujafika. Mbele, kwenye kisima cha mwisho, watu wawili wameketi, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Nyuso zao sizioni. Nikikaza macho zinakuwa kama kioo kilichotiwa pumzi. Mmoja anatoa kete, anazigawa, zinalala. Mwingine anangoja, kisha anagawa zake. Mikono yao naiona wazi. Mkono mmoja una udongo kwenye kucha. Mwingine una pete iliyobana, ya mtu aliyevishwa akiwa mwembamba. Wanacheza kwa adabu kubwa, kama watu wanaonawishana mikono. Na nyuma yao hakuna mtu. Umati wote ule niliouacha, safu zisizo na mwisho, na nyuma ya hawa wawili hakuna aliyesimama.

Jua, ambalo halikuwa limesogea, likaanza kushuka.

Babu akalitazama. Nami nikakumbuka jambo ambalo nilikuwa sijalikumbuka tangu nihame Tanga. Kila siku magharibi ilipokaribia, Babu aliacha kushona, akachukua mkasi, akagonga ukingo wa benchi kwa mpini wake mara tatu, akasema, "La kuagana." Basi aliyeketi alimaliza bao lake na mwingine hakukaa tena. Katika bao hilo la mwisho hakuna aliyemkejeli aliyefungwa. Likiisha, wote walipeana mikono, waliocheza na waliosimama, hata waliogombana mchana, na ndipo kete zikatiwa mfukoni. Hakuna aliyewahi kunyang'anywa bao mbele ya macho yake. Babu hakuwa mcheza bao. Kazi yake katika mchezo ule ilikuwa kujua saa ya kugonga.

Nikamtazama, nikingoja agonge. Mkasi ulikuwa mfukoni mwake, nauona umetuna kwenye kanzu. Hakuutoa.

"Gonga," akaniambia.

"Mimi, Babu?"

"Bao ni lako."

Nikaanza kusema kwamba nimekatazwa. Babu akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nimkute, na macho yake yalikuwa yale yale, moja lina ukungu wa mtoto wa jicho, jingine safi kama la kijana. Akasema polepole, bila lawama, kama anayenieleza bei ya kitambaa:

"Wewe hukuja kuniaga. Sikukasirika. Lakini nilikaa nikitazama mlango."

Ulimwengu ule wote ukatulia. Visima vikanyamaza. Wale wawili wakasimamisha mikono, kete bado ndani ya viganja, kama waliosikia mtu anabisha mbali. Kitambaa cheupe kikaanza kunyanyuka pembeni kwa upepo nisiouhisi. Nilitaka kumwambia Babu habari ya mitihani. Nilitaka kumwambia kwamba siku ile nilikaa ukumbini na karatasi ya maswali nikaandika jina langu na nisiweze kuandika kitu kingine kwa dakika ishirini. Hakuhitaji. Alikuwa ameshageuka, anakunja futi yake kwenye vidole vinne kama alivyoikunja kila jioni, na mwanga unamtoka mgongoni kidogo kidogo.

Nikapiga magoti juu ya ubao. Nikakunja ngumi. Nikagonga.

Mlio ulikwenda chini na haukurudi. Nikagonga mara ya pili, na nyuma yetu, kutoka safu ya kwanza hadi ile nisiyoiona, nikasikia watu wakivuta pumzi kwa pamoja. Nikagonga mara ya tatu.

"Wewe Rukia, una nini?" Ilikuwa sauti ya Dada Salome wa chumba cha pili, nyuma ya ukuta. "Kuna mwizi au ni wewe?"

Nilikuwa nimekaa kitandani, ngumi imegusa ukuta, vifundo vinaniuma. Dirishani palikuwa pameanza kupambazuka. Nikamwambia, "Ni mimi, dada. Samahani." Akasema, "Haya, ukimaliza kujenga utuambie," akageuka kulala, kitanda chake kikalia.

Nilimpigia Mama nikijua ameshaswali. Nikamsimulia yote, nikaruka lile la mlango, kisha nikarudi nikalisema. Kisha akauliza maswali ambayo watu wa kwetu huuliza mtu akiota marehemu.

"Alikupa kitu ukapokea?"

"Hapana, Mama. Aliniambia nishike futi tu, na akaiondoa mwenyewe."

"Alikwambia mfuatane?"

"Hapana. Aliniambia nigonge."

"Ugonge nini?"

Nikamweleza habari ya Kitasa na Mama Wawili, na amri ya Kaka Frenki, na barua. Nikaanza kumweleza pia ubaya wa kuwaambia na ubaya wa kutowaambia, upande huu na upande ule. Akanikata.

"Rukia. Baba hakuwa mtu wa kurudia neno. Amekuja kutoka huko mbali, kakwambia gonga, wewe unanipigia hesabu mimi?" Akashusha pumzi. "Leo nitamsomea dua. Na wewe umsomee, usiniachie mimi kila kitu."

Nikafungua kompyuta. Sisi wenye mchezo tulikuwa na njia ya kumpelekea mchezaji tangazo, naye alikuwa na sanduku la maoni la kutujibu. Niliandika tangazo mara saba. La kwanza lilikuwa ukurasa mzima. La saba lilisema: "Mchezo huu unafungwa leo saa nne asubuhi. Nyinyi wawili mmecheza pamoja zaidi ya mwaka. Ukitaka mwenzako aipate namba yako, nitumie kwenye sanduku la maoni, nami nitamfikishia. Mimi ndiye niliyeondoa maneno kwenye mchezo. Nisameheni. Rukia." Nikalituma kwa wote wawili. Saa ilikuwa moja na nusu. Kisha, kabla sijapata nafasi ya kufikiri, nikampigia Kaka Frenki nikamwambia nilichofanya.

"Umewaambia wangapi?"

"Wawili."

"Nilikukataza."

"Ndiyo, kaka."

"Hao wawili ni akina nani hata uniharibie?"

"Sijui, kaka. Wala wao hawajuani."

Nilimsikia akiweka kikombe mezani. Akasema, "Saa nne ni saa nne. Mambo ya barua yako tutazungumza," akakata simu. Hatujayazungumza hadi leo ninapoandika.

Mama Wawili alijibu mapema, saa mbili haijafika. Alileta namba, na chini yake: "Mimi niko Tabora, nalea wajukuu wawili, wameniachia wazazi wao. Mwambie asije akadhani mimi ni binti."

Kitasa hakujibu. Ikawa saa tatu. Nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Ikawa saa tatu na nusu, na alama yake haijawaka. Nilianza kuona kila kinachoweza kuwa: simu imezimika, simu imeibwa, yeye huingia alasiri tu na hatafungua mpaka muda uwe umepita, ameumwa, amekufa. Saa nne kasoro dakika kumi nikasimama katikati ya chumba nikajikuta nasema kwa sauti, "Babu, nimegonga, sasa mimi nifanye nini tena?" Dada Salome akapunguza redio yake nyuma ya ukuta, asikie vizuri.

Saa nne kasoro dakika nne, sanduku la maoni likafunguka. Kitasa. Namba, kisha maneno: "Nilikuwa shambani, ndiyo nashika simu sasa. Mfikishie namba yangu. Na umwambie lile bao la juzi nilimwachia tu, nilimwonea huruma."

Nikayapeleka yote kwa Mama Wawili kama yalivyokuja. Nilitazama skrini. Saa nne ikafika, ikapita. Nikasema dakika moja. Jibu likaja.

"Mwambie ni muongo mkubwa, na mikono yake ya kulimia ndiyo anayochezea bao. Apige simu, niko nyumbani."

Zamani ningelishika neno hilo, nikaligeuza huku na huku, nikatafuta namna ya kulilainisha. Nikamfikishia Kitasa lilivyo, pamoja na namba ya mwenzake, bila kulipunguza ukali. Alama yake ya kijani ikazimika kabla sijazima mimi chochote, na ya Mama Wawili ikaifuata.

Ilikuwa saa nne na dakika tatu. Nikazima.